Kastabani Kwenye Nguzo ya Tatu

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Asubuhi kulikuwa na ukungu na manyunyu membamba, yale ya kulowesha mabega bila kusikika kwenye bati. Kufikia saa mbili jua lilikuwa limechomoza, na udongo ulikuwa laini, udongo mzuri kwa kazi yetu.

Niliamka saa kumi na moja nikasali. Niliomba mambo mawili: nihesabu vizuri, na nisikutane na mdogo wangu njiani. Ombi la pili nililisema kwa sauti ya chini, kana kwamba Mungu angelisikia nusu tu.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na sita. Jumamosi moja kila mwezi tunakutana watu wanane wenye mashine za kutafutia chuma. Mashine yenyewe ni mpini mrefu wenye sahani chini. Unaipitisha juu ya ardhi polepole kama mtu anayefagia, na ikikutana na chuma inalia kwenye hedifoni. Wapita njia hawatuachi. "Wazee, mmepoteza meno?" wanauliza. Tumeshazoea.

Ardhi ya mjini imechoka. Mtu unazunguka tangu asubuhi, unaambulia vizibo vya soda na misumari. Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu: kila mkutano mmoja wetu anatangulia kufukia vitu kumi na viwili, na wenzake wanavitafuta. Kumi na kimoja ni vya kugawa: vifungo vya shaba, kengele ndogo, funguo zilizopoteza kufuli zake. Aliyekiokota ni chake. Cha kumi na mbili tunakiita mgeni. Mgeni ni kitu ambacho mfukiaji anakipenda kweli. Anayempata anamshika mkononi, mwenyewe anatusimulia habari zake, kisha mgeni anarudi kwao siku hiyo hiyo.

Mgeni mmoja tu hakuwahi kurudi kwao, na alikuwa wangu.

Ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita, zamu yangu ya kwanza. Nilifukia kastabani ya marehemu mama, kile kikofia cha fedha ambacho mshonaji huvaa kidoleni ili sindano isimchome. Mama alitulea kwa kastabani ile, mimi na mdogo wangu. Mdogo wangu ni fundi baiskeli, naye alikuwa mwenzetu kwenye chama. Tulimwita Sumaku kwa sababu chuma kilikuwa kinamfuata. Yeye hakutaka kastabani ifukiwe hata kwa saa moja.

"Kaka," aliniambia, "mama tulishamfukia. Sasa unaanza na vitu vyake?"

Nilimjibu kwamba mimi ndiye mkubwa. Nikafukia.

Jioni ile vilipatikana vitu kumi na kimoja. Kastabani haikuwemo. Katibu wetu, mama mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya kupanga barua miaka thelathini, alifungua karatasi ambayo nilikuwa nimemtajia naye akaiandika, maana wakati huo mimi sikujua kusoma wala kuandika. Karatasi ilisema: nguzo ya tatu, mgeni; nguzo ya tano, bizimu ya mkanda. Uwanjani pale, kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa, kuna nguzo saba za zege zilizobaki za uzio wa zamani, zimepangana kutoka barabarani hadi ukuta wa nyuma.

Sumaku ndiye aliyechimba kwenye nguzo ya tatu. Sote tulimwona. Lakini alichokileta kwa Katibu ilikuwa bizimu. Tukaenda nguzo ya tano, tukapitisha mashine sita pale, hakuna kitu. Hesabu ikawa wazi kama mchana: kachimba tatu, kachimba na tano, kaleta kimoja, kingine kakiweka.

"Sumaku, kastabani iko wapi?" Katibu aliuliza.

Na mdogo wangu, ambaye hawezi kukaa dakika tano bila mzaha, akapiga tumbo lake. "Nimeimeza," alisema. "Subirini kesho asubuhi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilisema mbele ya wote, "Mmesikia. Mwizi amekiri mwenyewe."

Kicheko kilikatika. Sumaku alinitazama, akafungua hedifoni shingoni, akaiweka juu ya mashine yake taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Akaondoka. Toka siku hiyo salamu yetu ikawa "habari" na "nzuri", tena ikiwa tumekutana uso kwa uso na hakuna pa kupenya. Chama nacho kiliuhama uwanja ule, tukawa tunafukia kando ya reli isiyotumika.

Sasa reli wameanza kuijenga upya. Mwezi huu, ilipofika zamu yangu ya pili, ikabidi turudi kwenye matofali.

Jana alasiri nilikwenda peke yangu kufukia. Mwaka mzima sasa nimekuwa nikisoma darasa la jioni, na kwa mara ya kwanza karatasi niliiandika kwa mkono wangu. Mwalimu wetu ni msichana wa umri wa binti yangu wa mwisho, lakini ni mkali. Mtu ukimsomea, "Nyumba ya pili ni ya shangazi," anakukatiza: "Ya pili kutoka wapi, baba?" Kwa hiyo niliandika kila kitu na mwanzo wake. Hatua nne kutoka lango. Hatua saba kutoka kwenye tanuri. Mgeni wangu alikuwa kichongeo cha penseli cha chuma alichonipa mwalimu siku nilipoandika jina langu bila kuangalizia. Kwenye nguzo sikuweka kitu. Mguu ulikataa.

Leo saa tatu Katibu alipuliza filimbi, watu wakatawanyika. Mimi nilikaa kwenye gunia nikasubiri, moyo ukinienda mbio kama wa mtahiniwa. Walirudi mmoja mmoja. Mwashi, yule mwenye mikono kama koleo, alileta vitatu. Hadi saa tano unusu gunia lilikuwa na vitu kumi na viwili, kichongeo kikiwemo. Katibu aliweka alama ya vema kwenye kila mstari wa karatasi yangu. Nilishukuru kimoyomoyo.

Ndipo akaja Muuguzi. Huyu ni mpya kwetu, hii ni mara yake ya tatu kucheza. Alikuwa amebeba bonge la udongo kwa mikono miwili.

"Na hiki tukiandike wapi?" aliuliza.

Katibu alivaa miwani. "Hakuna cha kuandika, mwanangu. Vimetimia."

"Basi kimezidi."

"Fundi, umefukia vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Una hakika?"

"Nimeandika, Katibu. Unayo hapo."

Mwashi akaangua kicheko. "Hayo ndiyo matunda ya darasa la jioni! Mwaka jana alikuwa anapunguza, sasa wamemfundisha kuzidisha."

Nami nilicheka kidogo, kwa adabu. Kisha Muuguzi akabandua udongo kwa kidole gumba, na nikaona kibonyeo. Kastabani ya mama ilikuwa na kibonyeo pembeni na kitundu juu yake, pale sindano zilipochoma miaka na miaka mpaka fedha ikachoka. Hakuna nyingine duniani ya namna ile.

Sikumbuki nilisema nini. Nasikia nilisema, "Si yangu." Kwa nini nilisema hivyo sijui hata sasa.

"Umeitoa wapi?" Katibu alimwuliza.

"Kule, kwenye nguzo. Ya tatu ukianzia barabarani."

Kila mtu akanigeukia. Nguzo ya tatu! Pale pale alipochimba Sumaku mbele ya macho yetu.

"Mambo yamejipa," Mwashi alisema. "Mwizi ameona haya. Kasikia tunarudi, kaja kuirudisha kisirisiri."

Nakiri, na Mungu anajua: maneno yale yalinifurahisha. Kwa pumzi mbili hivi nilijisikia mtu aliyeshinda. Halafu Katibu akashusha miwani.

"Au ulikuwa nayo mwenyewe, Fundi?"

"Mimi?"

"Nauliza tu. Wewe ndiye uliyekuwa hapa jana peke yako."

Kichwa changu kilikuwa kama sanduku la nyuzi lililoangushwa na paka. Kila ninapovuta, fundo linakaza. Kama ni Sumaku karudisha, kwa nini airudishe kwenye udongo badala ya dirishani kwangu? Kama si yeye, ni nani? Je, ni mimi? Mtu anaweza kuficha kitu akajificha na yeye mwenyewe? Nilipiga hesabu tena, vitu kumi na viwili kwenye gunia, kimoja mkononi mwa Muuguzi. Nikahesabu kwa vidole. Nikaanza kuhofia kwamba mwaka mzima wa masomo umeniacha palepale.

"Wazee, samahani," Muuguzi alisema. "Mbona hamkitazami kitu chenyewe?"

Alitunyooshea. Mzizi wa nyasi, mwembamba kama uzi wa darizi, ulikuwa umeingilia kwenye mdomo wa kastabani na kutokeza kwenye kile kitundu, kisha ukagawanyika matawi mawili na kuikumbatia kwa nje.

"Mimi nafunga vidonda kila siku," alisema. "Najua kitu kilichoingizwa na kitu kilichoota. Hiki hakikurudishwa jana, wala mwezi uliopita. Hiki kimekaa. Tena kilikuwa chini, kiganja kizima na nusu, hata nilitaka kuacha, ila mashine ilikuwa bado inalia."

Mwashi alinyamaza. Kumnyamazisha Mwashi si kazi ndogo.

"Kama haikutoka," Katibu alisema polepole, "basi Sumaku hakuichukua. Lakini bizimu ya nguzo ya tano ilifikaje kwenye nguzo ya tatu?"

Hapo nilikumbuka nyuzi.

Zamani, kabla sijajua herufi, kumbukumbu zangu zote nilizitunza kwa mafundo. Kiuno cha mteja, urefu wa mkono, siku ya kuchukua nguo: uzi na mafundo yake. Siku ile ya kufukia nilikuwa na nyuzi mbili za nguzo, mweupe wa mgeni na mweusi wa bizimu. Nyuzi zangu huwa sizitupi.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu, karibu nakimbia. Mke wangu alinikuta nimemwaga droo ya cherehani sakafuni.

"Baba watoto, kuna nini?"

"Sijui."

"Mmepata kitu?"

"Tumepata."

"Sasa mbona uso kama wa msiba?"

"Sijui, mama. Niombee tu."

Hakuuliza zaidi. Alipiga magoti, nikadhani anasali, kumbe anasaidia kutafuta. Yeye ndiye aliyeziona, ndani ya kopo la vifungo.

Niliporudi uwanjani wote walikuwa wamesimama kwenye nguzo, hata wale waliokuwa wameanza kufunga mashine zao. Nilimpa Katibu uzi mweupe. Mafundo matatu. Nikampa mweusi. Mafundo matano.

"Ndivyo ulivyonitajia," alisema. "Tatu na tano."

"Ndivyo."

Muuguzi akauliza, bila ubaya wowote, kama angeuliza mwalimu wangu: "Tatu kutoka wapi, mzee? Na tano kutoka wapi?"

Niliutazama uzi mweusi. Fundo halisemi umeanzia upande gani.

Na siku ile ikanirudia yote. Nilianzia barabarani, nikahesabu nguzo tatu, nikamfukia mgeni. Kisha ukafika wakati wa sala. Nilikwenda kusali kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma, na sala ilikuwa ndefu kwa sababu nilikuwa nimegombana na mdogo wangu. Nilipoinuka nilianza kuhesabu kutoka pale nilipokuwa, ukutani. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Nilikwenda ukutani papo hapo, mbele yao, nikahesabu kwa sauti. Nguzo ya tano kutoka ukutani ilinifikisha miguuni pa Katibu, kwenye shimo la Muuguzi. Nguzo saba: ya tano kutoka huku ndiyo ya tatu kutoka kule. Nilifukia vitu viwili kwenye shimo moja, kimoja juu ya kingine. Na nikakumbuka jambo lililonimaliza nguvu kabisa. Nikichimba shimo lile la pili niliona udongo ni laini mno, haunisumbui hata kidogo, nikasema, "Asante Mungu kwa kunirahisishia kazi." Kisha nikapitisha mashine juu, kama ilivyo kanuni, kuhakikisha inalia. Ililia. Ilikuwa inalilia vyote viwili.

Sumaku alichimba, akakuta bizimu, akafukia shimo. Hakurudia kupitisha mashine. Hakuna kati yetu anayerudia. Ukishapata chako unawahi kingine.

Katibu alikaa chini kwenye udongo na sketi yake safi. "Nami niliandika tu," alisema. "Miaka thelathini napanga barua, barua isiyo na mtaa nairudisha. Hii nikaipokea."

"Twendeni," nilisema.

"Wapi?"

"Kwake."

Karakana ya Sumaku ni kibanda cha mabati chenye baiskeli zinazoning'inia kichwa chini. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, anabana spoki za gurudumu na kulizungusha, kulitazama kama limenyooka. Aliona watu wanane wenye matope wanakuja na mashine mabegani.

"Jamani," alisema, "kama mnatafuta chuma, hapa kuna kingi. Ila hiki kina mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Nilimnyooshea bonge la udongo. Alilitazama, akaacha gurudumu lizunguke mpaka likasimama lenyewe.

"Ilikuwa chini ya bizimu," nilisema. "Mimi ndiye niliyeiweka hapo. Nilihesabu nguzo kutoka pande mbili."

Aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga. Nilitaka kuung'oa ule mzizi, akanizuia mkono.

"Uache. Umemtunzia mama kitu chake kuliko sisi."

"Mdogo wangu, mbona hukujitetea? Mwaka mzima! Ungesema hata neno moja."

"Ningekuambia nini, kaka? Mtu mliyenyonya naye ziwa moja akikuita mwizi, utamletea shahidi kutoka wapi?" Alifuta mikono kwa kitambaa cheusi cha grisi, kidole kimoja kimoja. "Nilirudi pale. Hujui hilo. Siku tatu nilirudi na mashine, nikachimba nguzo ya tano mpaka nikafika maji. Karatasi ilisema tatu alikuwa mgeni, na pale tatu nilikuwa nimeshachimba kwa mkono wangu. Nikasema labda kweli nimechanganyikiwa. Labda niliitoa, nikaitupa na udongo. Kuna usiku niliamini mimi ni mwizi, ila sijui nimeiba vipi."

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote: kwamba tulikuwa wawili tuliochanganyikiwa, kila mmoja na ukuta wake.

"Nisamehe," nilisema.

Mwashi alikohoa. Katibu akasema, "Na mimi, Sumaku," na Mwashi akasema, "Na mimi, bwana, mdomo wangu huu," na Sumaku akainua mkono kuwazuia.

"Pole za kibandani nazipokea," alisema. "Lakini mwizi sikuitwa kibandani. Niliitwa uwanjani, mchana, na kuna watu wawili walikuwepo wakahama mji na habari hiyo. Mke wangu aliisikia sokoni. Kaka, nakupenda, ila sijui kama inatosha. Kweli sijui. Nataka kurudi kucheza, na sitaki kuwaona. Vyote viwili kwa wakati mmoja."

"Unataka nifanye nini?"

"Wewe ndiye mkubwa. Ulishaniambia."

Nilisali kwa kimya, sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali: Bwana, nianzie wapi? Na nikasikia sauti ya yule msichana wa darasa la jioni: kutoka wapi, baba? Nikavua kofia. Wote walikuwepo, Katibu, Mwashi, Muuguzi na wenzetu wengine, na mteja mmoja aliyekuja kujaza upepo akabaki na pampu mkononi. Nilisema kwa sauti, ili hata duka la pili wasikie:

"Naahidi mbele yenu nyote. Jumamosi ijayo saa tatu nitasimama kwenye nguzo ya tatu kutoka barabarani, nitasema kwamba hapakuwa na mwizi, na kwamba aliyekosa ni mimi. Wale wawili waliohama nitawaandikia barua, na Katibu atazisoma kabla sijazifunga. Na siku hiyo uwanjani, nikisahau neno hata moja, nitalisoma, kwa sababu nitakuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kuanzia mwanzo."